Bibi Kiuno wa Gari Namba Saba

4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Ukipokea barua hii usishtuke, hatujafiwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu una neno lako moja tu, "Mama, nitakupigia," na ukishalisema mimi nabaki nimeshika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Barua haikatiki. Nimempa dereva wa lori la saruji anayepita mtaani kwenu. Mke wake namsuka mimi, kwa hiyo atafikisha tu, atake asitake.

Nina swali. Ulipokuja likizo, siku ile ya mvua, ulijifungia chumbani na kompyuta yako ukasema una kazi. Nikajisemea, mwanangu mchapakazi huyu, hata likizo hapumziki. Wateja wote niliwaambia. Nikakuchemshia chai nikaja nayo mpaka mlangoni, na pale mlangoni nikasikia, "Sawa, Mama. Nimekuelewa, Mama. Mama jamani, utanivunja mbavu!" Ukacheka kicheko ambacho mimi sijakisikia tangu uvunje ungo. Nikadhani umenisikia nikija. Nikajibu, "Nipo hapa, mwanangu!" Ukaendelea kucheka na kompyuta yako. Kumbe anayeitwa siye aliyeko mlangoni.

Nikarudi na chai yangu jikoni nikainywa mwenyewe. Ilikuwa chungu, na sukari nilitia.

Sasa niambie, nani huyo? Mimi sina wivu, waulize watu. Lakini kichwa kimoja hakivai vilemba viwili, na mtoto mmoja hana mama wawili. Nilipokuwa na mimba yako miguu ilivimba kama magunia, na bado nilisuka watu nikiwa nimesimama. Huyo mwenzangu alivimba nini?

Kama ni mama mkwe, useme mapema nijue nitavaa nini.

Mama yako, yule wa kuzaa


15 Februari

Mama yangu, shikamoo.

Jamani Mama! Hakuna mkwe wala mama mkwe. Ngoja nikueleze taratibu.

Mchana niko mapokezi hotelini, hilo unalijua (tafadhali usiwaambie watu mimi ni meneja). Jioni naingia kwenye mchezo. Ndani ya kompyuta kuna mji mzima, una barabara, taa, maduka, hata benki za kuibiwa. Wanaoingia humo ni watu wa kweli, kila mmoja kakaa kwao na kompyuta yake, na kila mmoja amechagua kazi. Kuna polisi, wezi, waoka mikate. Mimi ni mhudumu wa gari la wagonjwa. Gari langu ni Namba Saba.

Mtu akigongwa anaanguka palepale na hainuki mpaka tufike. Yeye anaigiza maumivu, mimi naigiza tiba, na lazima nifuate hatua zote, kupima mapigo, kuzuia damu, kukaza shingo. Nikiruka hatua, mkuu ananirudisha mwanzo. Mgonjwa akizidiwa, aliyeko nyuma ya huyo mhusika ndiye huamua apone au afe kabisa. Akifa kabisa, harudi tena mjini. Na akifia mikononi mwako, desturi yetu ni kwamba unakwenda mwenyewe kwa ndugu zake kuwapa taarifa. Hutumi mtu. Sheria kubwa kuliko zote ni moja: ukiwa ndani, mambo ya nje hayaingii.

Huyo uliyemsikia ni Mama Zamu, mkuu wetu wa zamu. Kila mtu anamwita Mama, hata wanaume wenye ndevu, hata polisi. Ni heshima ya cheo tu. Usinune.

Mwanao,
Kitinda mimba


27 Februari

Mdogo wangu,

Heshima ya cheo! Umelisikia jibu la mwanao, kitinda mimba wangu? Mimi msusi namba moja mtaa mzima, mbona hakuna polisi hata mmoja anayeniita Mama kwa heshima ya cheo?

Sikiliza nilichofanya, na usimwambie mtu. Yule mteja wangu, Mwalimu wa kompyuta, mwenye nywele zinazoteleza, nilimsuka upande mmoja nikasimama. Nikamwambia, "Mwalimu, upande wa pili una masharti." Akacheka. Nikamwambia sitanii. Basi tangu hapo kila jioni nikifunga saluni niko sebuleni kwake mbele ya mashine.

Akaniuliza ndani ya mchezo nataka kuwa nani. Nikasema malkia. Akasema malkia hakuna. Nikachagua bibi kizee mwenye mkongojo, maana wazee hugongwa haraka. Jina nikaandika Bibi Kiuno. Unajua kwa nini? Kiuno ndio ugonjwa pekee ambao daktari hawezi kukubishia. Kusema nikakataa, mwanao anaijua sauti yangu tangu tumboni. Mwalimu akasema basi uwe bubu, uwe unaandika. Naandika kwa kidole kimoja, hiki cha kugawia nywele.

Siku ya kwanza nikavuka barabara kama ninavyovuka siku zote, bila kuangalia. Gari la mikate likanipitia. Nikalala pale kwa raha zangu nikimsubiri mwanangu. Gari la wagonjwa likaja linalia, mlango ukafunguka, akashuka nani? Yeye! Mama Zamu mwenyewe, na mabuti na koti linalong'aa. Na sauti, mdogo wangu. Sauti kama mafuta ya nazi kwenye kichwa kikavu. "Pole bibi yangu, usiogope, niko nawe." Mimi mwenyewe nilikaribia kumwita Mama. Nikajiuma ulimi.

Nikamwandikia: SITAKI WEWE. NATAKA NAMBA SABA.

"Kuna sababu, bibi?"

NDIYO.

"Sababu gani?"

KIUNO.

Jioni ya pili akaja mwanao. Ungemwona! Alipiga goti, akanishika mkono, akauliza jina langu kabla ya kuuliza ninaumwa wapi. Kazi anaijua yule. Huko hotelini wanampotezea muda. Nilitaka nisimame kwenye machela niwatangazie wote waliokusanyika kwamba huyu nimemzaa mimi, tena bila daktari. Lakini ningesimama, wangejua siumwi.

Sasa nagongwa kila siku. Sina wivu, ila nachunguza tu.

Dada yako


12 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Leo ngoja nikuchekeshe. Tuna mgonjwa mpya anaitwa Bibi Kiuno. Kila jioni analala mbele ya duka la mikate, mahali palepale. Waendesha magari wa mji mzima sasa wanapunguza mwendo wakifika hapo, na bado anagongwa. Juzi gari lilikuwa limeegeshwa, akaligonga yeye.

Hasemi, anaandika, tena polepole kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Namuuliza, "Bibi, maumivu yako wapi?" Baada ya muda naona: UMEKULA? Nikamwambia, "Bibi, hapa mgonjwa ni wewe." Akajibu: MGONJWA AMEKULA. WEWE JE?

Wenzangu wananitania. "Namba Saba, mchumba wako kalala tena!" Mama Zamu anasema tumvumilie, huenda huko nje ni mtu mpweke.

Cha ajabu ana binti. Hachoki kumsifu. BINTI YANGU MREFU. BINTI YANGU HAJAWAHI KUNG'ATWA NA MBWA. BINTI YANGU ALITEMBEA KABLA YA WATOTO WA JIRANI. Namsikiliza nikimpima mapigo, na nakwambia ukweli, Mama, kuna jioni nilimwonea wivu huyo binti. Sijui yuko wapi. Mbona hamtembelei mama yake?

Nisalimie wateja.

Kitinda mimba


24 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Jana mwanao alinipakia garini, akafunga mlango, akazima redio ya kazini ili wenzake wasisikie. Nikajua kuna neno. Akasema, "Bibi, navunja sheria, lakini sina mwingine wa kumwambia. Huko nje nimeitwa kwenye usaili. Kituo cha magari ya wagonjwa, ya kweli kabisa. Tarehe tisa Mei. Nitapimwa kumshusha mtu mzima kwa machela kutoka ghorofa ya tatu bila kumtikisa."

Nusura niangushe mashine ya Mwalimu. Nikaandika: MAMA YAKO ANAJUA?

Akasema, "Mama yangu hapana, Bibi. Nampenda sana. Lakini nikimwambia leo, kesho kila kichwa kinachosukwa kinajua. Nilipoomba kazi ya kwenye ndege alitangaza mpaka kwa muuza maji. Nikaikosa. Nilipokwenda nyumbani nilipewa pole mtaa mzima kama mjane. Safari hii nikishindwa, nataka nishindwe peke yangu."

Wewe unadhani nimeumia kwa hilo la kutangaza. Kidogo. Kama Mungu amekupa mtoto mzuri, unamfunika na kapu? Kilichoniuma ni kwamba amemwambia YULE KIKONGWE! Mtu hana damu, hana mifupa, hana hata meno, mimi ndiye ninayembonyeza aende. Kabebwa na nani miezi tisa? Kanyonyeshwa na nani? Halafu siri ya mwanangu inakwenda kwa bibi aliyeokotwa mbele ya duka la mikate!

Najua unavyocheka. Utasema, "Dada, bibi huyo si wewe?" Siyo mimi. Angekuwa mimi, mtoto angeniambia mimi.

Mama Zamu nilimwonea... nilimchunguza tu. Huyu Bibi Kiuno sitaki hata kumwona.

Dada yako


26 Machi

Kitinda mimba wangu,

Mimi mzima. Nakuandikia kukuuliza tu kama kuna habari. Habari yoyote. Ya kazi, kwa mfano. Au ya ngazi. Ninasema ngazi kwa mfano tu, maana siku hizi watu wengi wanapanda ngazi.

Ukiwa na jambo moyoni, mama yako yupo. Mdomo wangu ni mkubwa, sawa, lakini masikio ni makubwa zaidi.

Mama yako


5 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Hakuna jipya huku. Kazi tu. Ngazi ya nini, Mama? Umeanguka? Kama umeanguka useme.

Kitinda mimba


11 Aprili

Mdogo wangu,

"Hakuna jipya huku." Maneno matatu, kama telegramu. Na jioni ileile amemweleza Bibi Kiuno viatu atakavyovaa siku ya usaili, mazoezi anayofanya akibeba ndoo za maji kwenye ngazi za hotelini, hata ndoto aliyoota!

Nimeamua. Bibi Kiuno atakufa. Kuna kitufe, Mwalimu amenionyesha. Ukikibonyeza, mhusika wako amekufa kabisa na hakuna wa kumrudisha. Akishaondoka huyo mzee, mwanangu atatafuta pa kuweka siri zake, na pa kuziweka ni hapa kwangu. Maji hufuata mkondo.

Usinijibu kunikataza. Wewe siku zote uliogopa hata kuchinja kuku.

Dada yako


20 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Leo nakuandikia jambo ambalo sikutaka ulijue, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu.

Bibi Kiuno amefariki. Amefia kwenye gari langu.

Alikuwa analalamika kiuno kama kawaida. Nikampakia, nikafunga mlango, nikazima redio, kwa sababu nilitaka kumwambia habari zangu. Ghafla akaandika: NAKWENDA. MWAMBIE MAMA YAKO KILA KITU. Kisha kwenye kioo changu yakatokea maandishi mekundu kwamba mgonjwa amefariki kabisa.

Mama, hatua zote zilinitoka kichwani. Nilianza kifuani, nikarudi shingoni, nikatafuta mapigo mahali nilipokwisha kuyatafuta. Redio nilikuwa nimeizima mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyenisikia nikiita. Mama Zamu alipofungua mlango alinikuta nimesimama tu. Huku nje mikono yangu ilikuwa imetoka kwenye kibodi, nimeikunja kifuani.

Najua ni mchezo. Usiniambie ni mchezo.

Nikakumbuka desturi yetu. Aliyefiwa na mgonjwa ndiye anayepeleka taarifa. Nimemtafuta binti yake mji mzima. Nimegonga kila mlango, duka la mikate, kituo cha polisi, hata kwa wezi. "Samahani, wewe ni binti wa Bibi Kiuno?" Wote wananiambia hapana. Nimeandika tangazo, hakuna aliyejitokeza. Yule mama alimsifu mtoto wake kila siku mpaka siku ya kufa, na mtoto hajui.

Sasa hilo aliloniagiza. Nimeitwa usaili wa kituo cha magari ya wagonjwa, ya kweli, tarehe 9 Mei. Nilikuficha kwa sababu niliogopa maneno ya watu. Lakini usihangaike nalo tena, siendi. Kiuno hakiui mtu, Mama. Kuna kitu nilikiruka, siku zote zile nikicheka naye na kumweleza mambo yangu badala ya kumpima. Kama bibi wa kwenye kompyuta amenifia hivyo, wa kweli nitawafanyaje?

Nimekwambia kila kitu kama alivyotaka.

Mwanao


23 Aprili

Kwa Mama Zamu,

Mwalimu wa kompyuta ananiandikia barua hii kwa njia ya mtandao, mimi nasema naye anabonyeza. Mimi ni mama wa Namba Saba. Mama tupu, bila zamu.

Mimi na wewe hatujatambulishwa, ingawa uliwahi kunishika mkono mbele ya duka la mikate na mimi nikakufukuza. Ndiyo. Ni mimi. Bibi Kiuno hakufa kwa ugonjwa, nilimuua mwenyewe kwa kidole hiki, kwa sababu mwanangu alikuwa anampa siri zangu. Sasa siri nimezipata zote, na mtoto ananiambia haendi kwenye usaili.

Sijawahi kumwomba mwanamke mwingine msaada juu ya mtoto wangu. Leo naomba. Wewe anakusikiliza. Mwambie hakukosea, aende. Ila usimwambie ni mimi.

Mama wa Namba Saba


24 Aprili

Dada yangu,

Salamu. Nimecheka, kisha nimesikitika, kisha nimecheka tena. Mgonjwa anayemuuliza mhudumu kama amekula nilijua ni mama wa mtu. Sikujua ni mama wa nani.

Huko nje mimi ni mkunga mstaafu. Binti yako nimekwisha kumwambia hakukosea. Nimemwambia mara nyingi mpaka nimechoka mimi. Ananijibu, "Mama, unanifariji tu." Na kwa upande wake ana haki, maana yeye anachoona ni mtu mzima aliyekufa mbele yake bila sababu. Ukitaka akuamini, mpe sababu. Sababu unayo wewe.

Unaniomba nimwambie yote isipokuwa jambo moja, na jambo lenyewe ndilo dawa. Hilo siliwezi, dada. Mimi ni mama yao kwa zamu tu. Zamu ikiisha wananiaga, wanazima kompyuta, wanarudi kwenu.

Mwandikie upesi. Akikasirika, mwache akasirike. Mtu mwenye hasira hupanda ngazi vizuri.

Mama Zamu


25 Aprili

Kitinda mimba wangu,

Dereva wa saruji ananisubiri nje na injini inanguruma, kwa hiyo nasema moja kwa moja.

Binti wa Bibi Kiuno usimtafute tena. Umeshampata. Ni wewe.

Ndiyo, mwanangu. Yule bibi ni mimi. Nilikuwa kwa Mwalimu wa kompyuta, kila jioni, na kidole kimoja. Mrefu ni wewe. Aliyetembea kabla ya watoto wa jirani ni wewe. Hukung'atwa na mbwa kwa sababu niling'atwa mimi, nimesimama mbele yako, na kovu ninalo.

Nilikwenda kumwangalia mwanamke unayemwita Mama. Nikabaki kwa sababu nilipenda ulivyonishika mkono. Ukaanza kumwambia bibi yale ambayo mimi huniambii, nikashindwa kuvumilia. Nimesema siku zote mimi sina wivu. Haya, ninao. Ninao mpaka nimejionea wivu mimi mwenyewe. Nikambonyeza afe.

Sikujua ungelia. Nilidhani utasema ah, bibi kafa, nimpigie mama. Nilipoona umegonga milango ya mji mzima kunitafutia mtoto wa kumpa pole, nilifunga saluni katikati ya siku, na mteja kichwa nusu.

Kwa hiyo nisikilize, maana mgonjwa ndiye anayejua alivyotibiwa. Hukuruka hatua hata moja. Uliniuliza jina, ulinipima, ulinikaza shingo ambayo haikuwa na tatizo. Marehemu hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa wivu, na wivu hauna dripu.

Kasirika. Nimestahili. Kasirika vizuri, kisha tarehe tisa uende. Sitakuuliza matokeo. Ukishindwa, umeshindwa peke yako kama ulivyotaka, na mimi sitakuwa najua kitu.

Mama yako


16 Mei

Mama,

Shikamoo, kwa shingo upande.

Barua yako niliisoma nikiwa mapokezi, mgeni anasubiri funguo zake. Nilimpa za chumba cha mtu mwingine. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Umekaa kwenye gari langu siku zote zile ukinisikiliza! Mambo mengine niliyomwambia yule bibi sikuwa nimemwambia hata Mungu. Nilikata shauri nisikuandikie mpaka mwakani.

Lakini tarehe tisa niliamka nikavaa viatu. Walinipa mwanamume mnene amelala kwenye machela, mwenzangu ameshika upande wa miguu, mimi kichwani. Kwenye kona ya ghorofa ya pili mwenzangu aliteleza. Mzigo wote ukanijia mimi. Sikumtikisa. Mnene mwenyewe alikuwa anasinzia.

Nimefaulu, Mama. Mafunzo yanaanza Juni.

Nakwambia ukweli kwa kuwa sasa hatufichani: wewe si wa kwanza kujua. Mama Zamu alisafiri akaja kunisubiri getini, nikamwambia yeye. Wewe ni wa pili. Bado nimekasirika, kwa hiyo nafasi ya pili inakutosha.

Na hairuhusiwi kumwambia mtu. Hata Mama Mdogo. Nataka kwanza nione kama nitamaliza mafunzo. Nikikwambia "sasa", ndipo utasema.

Kitinda mimba


27 Mei

Kitinda mimba wangu,

Nimeipata. Nimeisoma chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, na khanga nimeishindilia mdomoni ili vigelegele visitoke.

Getini alikuja amevaa nini? Si kwamba nataka kujua. Amesafiri umbali gani? Alikuletea kitu? Hata kama alikuletea usiniambie. Basi niambie.

Agizo lako nimelishika, lakini ujue unachonifanyia. Mama Mdogo wako ameniandikia anauliza mambo yameishia wapi, nimemjibu habari za mvua. Mwalimu wa kompyuta ananiangalia kwa jicho la kuuliza, mimi nageuza kichwa chake kwenye kioo. Mke wa dereva ameniuliza kama nimegombana na mume wangu marehemu. Watu wanasema saluni imekuwa kimya, wengine wananishauri nikapime presha.

Leo asubuhi yule mama wa duka la pembeni alikuja kusuka, yule ambaye mwanawe amepata kazi benki. Amekaa magotini kwangu akinieleza mwanawe anavyovaa tai, anavyopigiwa saluti na mlinzi, anavyokalia kiti kinachozunguka. Mimi nasuka tu. Kisha akanyanyua macho akaniuliza, kwa sauti ya saluni nzima kusikia, "Na yule wako wa mwisho, siku hizi anafanya nini?"

Wote wakageuza vichwa kusikiliza. Mwanangu, nilikuwa na jibu la kumfanya huyo mama aondoke na kichwa nusu. Lilikuwa limekaa hapa, juu ya ulimi, limevaa sare.

Nikasema, "Yupo."

Neno hilo limenitoka kama jino. Nikaendelea kusuka.

Mama yako, wa pili kujua